Padri Kagame na Ngeli Zetu: Je, Sarufi ni Falsafa?

Kila mwaka wanafunzi wetu hapa Kimironko hunukuu kategoria nne za Padri Alexis Kagame (1912–1981) kana kwamba ni amri za Mungu. Makala haya yanajaribu kuzipima kwa Kiswahili.

Kagame, padri Mkatoliki wa Rwanda, alisomea falsafa katika Chuo Kikuu cha Gregoriana, Roma. Katika kitabu chake cha mwaka 1956 kuhusu falsafa ya Kibantu ya Rwanda, alizichukua kategoria kumi za Aristotle, akazilinganisha na ngeli za Kinyarwanda. Akapata nne: umuntu (mwenye akili), ikintu (kisicho na akili), ahantu (mahali na wakati) na ukuntu (namna). Mwaka 1976 aliipanua hoja hiyo hadi lugha za Kibantu kwa jumla. Kwa hiyo Kiswahili nacho kina haki ya kuulizwa.

Je, kinajibu nini? Kwanza kinamuunga mkono. Kiambishi -po- hutumika kwa mahali (alipo) na kwa wakati (alipofika). Hapa mahali na wakati ni ndugu, kama alivyosema.

Lakini tuendelee. Kinyarwanda husema umuntu aragenda, inka iragenda: viambishi viwili. Kiswahili husema mtu anakwenda, ng'ombe anakwenda: kiambishi kimoja. Je, Mswahili anaamini kwamba ng'ombe ana akili kama mtu? Na Mnyarwanda, anayemtungia ng'ombe mashairi ya sifa, humwona kuwa kitu tu? Tena namna, ambayo Kagame aliipa kategoria yake, kwetu huchukua kiambishi cha vitu: vizuri, anavyosema. Basi upatanisho wa kisarufi si ushahidi tosha wa fikra za watu. Paulin Hountondji wa Benin alitoa onyo la jinsi hiyo katika miaka ya 1970: falsafa haiwi mali ya taifa zima kwa kauli moja.

Hata hivyo tusimtupe Kagame. Katika utenzi wake Umulirimbyi wa Nyili-ibiremwa alisimulia uumbaji na wokovu kwa mtindo wa mashairi ya wafugaji wa Rwanda. Humo hakuhitaji kuthibitisha kwamba Kinyarwanda kina falsafa. Alifikiri kwa Kinyarwanda, basi.

Nawashauri walimu wenzangu tufundishe ngeli na kategoria hizi pamoja, na kila mwanafunzi alete mfano mmoja unaozikubali na mmoja unaozikataa.