Gari Lililopinda kwa Kipimo

Gari la sprinti halina betri, halina stata wala klachi. Husukumwa na gari jingine kwa nyuma mpaka injini iwake, kisha huingia kwenye uwanja wa udongo na kuzunguka upande mmoja tu, kushoto, likiteleza kimshazari kwenye kila kona. Kwao ni Marekani. Mji mdogo wa Knoxville, jimbo la Iowa, una uwanja wa udongo mweusi wa nusu maili ambako mashindano ya Knoxville Nationals yalianza mwaka 1961, na msafara wa World of Outlaws, ulioanzishwa mwaka 1978, huzunguka nchi hiyo na magari haya. Injini ni V8 ya inchi za ujazo 410, karibu lita 6.7. Hunywa methanoli na kutoa nguvu za farasi zipatazo 900, ilhali gari zima pamoja na dereva wake lina uzito wa kilo zipatazo 650.

Wapo watu wanaolijenga upya gari hili likiwa dogo kiasi cha kukaa juu ya viganja viwili. Viwanda vimewahi kuuza seti za plastiki za kuunganisha, lakini mafundi ninaowazungumzia hapa hawaanzi na boksi. Wanaanza na vijiti vya shaba njano, bamba za plastiki nyeupe, waya wa kulehemia, bati la kopo la soda, na rundo la picha.

Anayejenga mfano wa gari la kawaida ana nafuu moja kubwa: akishaupata upande wa kulia, hugeuza mchoro akapata wa kushoto. Gari la sprinti halitoi nafuu hiyo. Tairi la nyuma kulia ni kubwa na pana kuliko la kushoto, kwa sababu ekseli ya nyuma haina difu ya kuyaruhusu magurudumu yazunguke kwa kasi tofauti. Tairi kubwa la nje ndilo linalolisaidia gari kukata kona. Fimbo ya usukani hupita ubavu wa kushoto peke yake. Kila kitu kimewekwa kwa ajili ya kona moja inayojirudia. Kwa hiyo fundi hupima mara mbili kila mahali, na hapo ndipo mimi huanza kumheshimu, kabla hata hajashika chombo.

Kazi huanza kwenye karatasi. Fundi huchagua gari moja mahususi, la msimu mmoja, na ikiwezekana la usiku mmoja, maana vipuri vya magari haya hubadilishwa kati ya shindano na shindano. Huichora fremu kwa ubavu, kwa juu na kwa mbele, kwa skeli ya 1/24. Skeli hiyo ina zawadi ndani yake: bomba la fremu halisi huwa na kipenyo cha inchi moja na nusu, na ukiligawa kwa 24 unapata kamili moja ya kumi na sita ya inchi, yaani karibu milimita 1.6. Kijiti cha shaba cha unene huo huuzwa dukani.

Kikitoka dukani huwa kigumu. Fundi hukipitisha kwenye moto mdogo mpaka kianze kuwa chekundu, kisha hukiacha kipoe, sasa kimelainika. Hukipinda kwa kukizungusha kwenye kigingi cha chuma, na hapindi kwa mkupuo. Anapinda kidogo, anakilaza juu ya mchoro, anatazama kwa jicho moja, anapinda tena kidogo. Shaba iliyopindwa kupita kiasi kisha ikanyooshwa hubaki na kovu, na kovu hilo litaonekana chini ya rangi. Ncha za vijiti huchongwa mbonyeo kwa tupa nyembamba ya mviringo, ili kila ncha ikalie mgongo wa mwenzake bila mwanya wa kupitisha mwanga.

Halafu kulehemu. Aliyewahi kusimama kwenye karakana za Gerezani au Kamukunji akamtazama fundi bati anajua kwamba kulehemu ni kuongoza joto. Risasi huenda liliko joto. Kwenye fremu hii ugumu ni kwamba viungo vimekaribiana mno, na shaba hupitisha joto haraka. Ukiunga kona moja, ya jirani inaachia. Fundi hupanga mapema kiungo kipi kitangulie. Vya kwanza huvipa lehemu ya fedha, inayoyeyuka kwenye joto la zaidi ya nyuzi 600 za Selsiasi. Vinavyofuata huvipa lehemu ya kawaida ya bati na risasi, inayoyeyuka karibu na nyuzi 190, joto ambalo viungo vya mwanzo havilisikii. Palipo na hatari bado, hufunga pamba iliyolowa maji juu ya kiungo kilichokwisha kukamilika. Baada ya kila kiungo anasubiri kipoe na kupima pembe kwa pembe kwa kalipa. Fremu ina makumi ya viungo. Sijui kazi nyingine ya mezani inayodai subira ya namna hii, ambapo kosa la mwisho linaweza kufungua kazi ya mwanzo.

Injini huchukua muda mrefu kuliko mwili wote wa gari. Mirija minane ya kuvutia hewa, iliyosimama wima juu ya injini, hukerezwa mmoja mmoja kutoka fimbo ya alumini, midomo yao ikifunguliwa kwa nje na kusuguliwa kwa msasa laini mpaka ing'ae. Mbele hukaa magineto, inayotoa cheche bila msaada wa betri. Fundi hutoboa kifuniko chake matundu manane kwa keekee ndogo ya kuzungusha kwa vidole, kisha hupitisha nyaya za plagi. Waya halisi una unene wa milimita 8. Hapa unakuwa theluthi moja ya milimita. Angeweza kuupeleka waya wowote kwenye silinda yoyote na watazamaji wengi wasingegundua. Yeye hufuata mpangilio wa kawaida wa V8 ya Chevrolet, 1-8-4-3-6-5-7-2, silinda za witiri kushoto na za shufwa kulia, kila waya ukipita njia yake.

Mabomba ya ekzosi, manne kila upande, hutengenezwa kwa waya wa kulehemia wenye unene wa milimita 2, kwa kuwa hupindika kwa vidole bila kujikunja vibaya. Kwenye gari halisi mabomba hayo hukaribianishwa urefu ili moshi wa kila silinda usafiri mwendo sawa. Fundi hulaza uzi juu ya kila bomba, huukata, kisha hulinganisha nyuzi nne kwenye meza. Uzi mmoja ukizidi, bomba lake hutupwa na jingine hupindwa.

Gari hili lina mabawa pia; ndiyo yanayomvutia kila mtu, na ndiyo rahisi zaidi. Bawa la juu lina eneo la futi za mraba 25. Likiwa na futi tano kwa tano, kwenye skeli linakuwa mraba wa milimita 63.5. Bati la kopo la soda, lenye unene wa karibu milimita 0.1, ndilo hutumika, lakini hata hilo ni nene mno: ukilizidisha kwa 24 unapata milimita 2.4. Fundi hupunguza kingo tu kwa msasa, kwa kuwa jicho husoma unene kwenye ukingo. Bawa halilehemiwi. Hushikwa kwa pini mbili ili liweze kuinuliwa na nyaya za magineto zionekane.

Rangi hupulizwa mara nyingi nyembamba, na namba na majina ya wadhamini hubandikwa kwa stika za maji. Wengine hupaka udongo uliochekechwa kwenye ubavu wa kulia. Mimi napendelea gari safi, kabla ya mzunguko wa kwanza, kwa sababu udongo huficha viungo.

Kipimo cha mwisho hufanyika juu ya kipande cha kioo. Tairi la kulia likiwa na mzingo wa inchi 105 na la kushoto 95, kitovu cha gurudumu la kulia lazima kiwe juu kuliko cha kushoto kwa milimita 1.7 kwenye skeli hii. Fundi hushusha kalipa upande mmoja, kisha mwingine. Akikuta kigari kimekaa sambamba na kioo, anafungua magurudumu na kulitafuta kosa.