Pongezi kwa Manju wa Mwindo

Mwaka 1982, kampuni ya DC ya Marekani ilianza kutoa Camelot 3000, katuni inayomfufua Mfalme Arthur apigane na wavamizi kutoka sayari nyingine. Pande zetu za Ntoto, mashariki mwa Kongo, Masisi inapokutana na Walikale, shujaa wa namna hiyo yupo tangu enzi za mababu. Pongezi zangu ni kwa waliomtunza bila wino wala karatasi: manju wa kabila la Wanyanga.

Shujaa huyo ni Mwindo, mwana wa mtemi Shemwindo wa Tubondo, aliyezaliwa akitembea na kusema. Baba yake, asiyetaka mtoto wa kiume, alimfungia ndani ya ngoma na kumtupa mtoni. Mwindo akasafiri majini hadi kwa shangazi yake, Iyangura. Silaha yake ni mgwisho uitwao conga, na radi yenyewe, Nkuba, ni rafiki yake.

Mwaka 1956, manju Candi Rureke alimsimulia Mwindo kwa siku 12, akiimba, akicheza na kuigiza. Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene wakayahariri na kuyatafsiri maneno yake, na kitabu kikatoka mwaka 1969.

Kinachonigusa zaidi ni mwisho wake. Nkuba anampandisha Mwindo mbinguni, anamwadhibu kwa majivuno yake, kisha anamrudisha awe mtemi mwenye haki. Hekima hiyo tumeachiwa na manju. Vijana wetu wachoraji wa katuni, kalamu ni zenu sasa.