Usimbaji Fiche: Kasi Isichukuliwe kuwa Nguvu

Tunapohakiki istilahi hatutazami ufasaha wa neno peke yake, bali pia kazi litakayofanya mikononi mwa mtumiaji. Tumchukue karani wa zahanati wilayani Ngara, au mwalimu wa Biharamulo. Wengi huko wana Kihangaza, Kishubi, Kisubi au Kizinza kwa lugha ya nyumbani. Istilahi ya kompyuta huwafikia kwa maandishi tu. Ikipotosha, hakuna wa kuisahihisha.

Kwanza, usimbaji. Karani aandikaye namba badala ya jina la ugonjwa amesimba, lakini hakuficha kitu: mwenye orodha ya namba ataisoma. Akiambiwa kwamba habari iliyosimbwa ni salama, ataituma wazi, ilhali Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka aihifadhi. Kwa hiyo tuseme usimbaji fiche, wala tusilikate neno la pili.

Pili, ufumbaji. Neno hili lina asili njema, lakini wahenga walisema: fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Usimbaji fiche haufunguliwi kwa werevu, hufunguliwa kwa ufunguo. Utaratibu wa AES, uliopitishwa Marekani mwaka 2001, umechapishwa hadharani. Siri ni ufunguo tu. Hatulipendekezi.

Tatu, usimbaji ulioimarishwa kwa maunzi. Mwaka 2008 kampuni ya Intel ilitangaza amri mpya za kichakato kwa ajili ya AES. OpenSSL, maktaba ya programu huria iliyoanzishwa mwaka 1998, ikaziingiza katika toleo la 1.0.1 la mwaka 2012. Kazi iliyohitaji amri nyingi za kawaida sasa hufanywa kwa chache, ndani ya kichakato chenyewe. Ni kweli kwamba amri hizo hupunguza pia mwanya wa ufunguo kuvuja kupitia muda wa hesabu. Hata hivyo ufunguo ni uleule na matokeo ni yaleyale. Kilichokusudiwa ni kasi. Kitenzi kuimarisha humfanya msomaji adhani amepewa kufuli kubwa zaidi, alegeze ulinzi wa ufunguo.

Maoni yetu, basi, ni kwamba istilahi ifaayo ni usimbaji fiche ulioharakishwa kwa maunzi. Ni ndefu, tunakiri. Lakini heri urefu unaoeleza kuliko ufupi unaohadaa.