Hema la Kabara na shitingi zetu

Wandugu, nimemaliza «Gorillas in the Mist», kitabu cha Dian Fossey cha 1983. Kilichonishika ni mwanzo: mwezi wa kwanza 1967, yuko Kabara, karibu na mlima Mikeno, juu ya mita 3.000. Hema, ukungu, mvua, baridi kama ya kwetu juu Itombwe. Mimea anaitaja moja moja: hagenia, galium. Mimi wa agronomia nilifurahi kabisa. Sanwekwe, mzoefu wa kufuata nyayo za ngagi, anamtaja kwa heshima.

Lakini wafugaji na wawindaji wanapita humo kama wavamizi tu. Njaa ya ardhi anaiandika kama hesabu, siyo kama maisha ya mtu.

Mwezi wa saba vita vikamshusha. Mwezi wa tisa akaanza upya Rwanda. Wenyeji walibaki na vita. Hapo ndipo kitabu kinanyamaza mapema. Uvira, tangu Mulongwe ifurike mwezi wa nne 2020, tunajua: kulala chini ya shitingi siyo matembezi. Ni kukosa pa kwenda.

Kisomeni, kinafaa. Ila mkifika Kabara, mjiulize: nani alibaki?