Sabufa, King'amuzi na Kipaza Sauti

Huko Ikoma, wilayani Serengeti, kama kwingineko nchini, mtambo mzima wa kusikilizia filamu nyumbani huitwa sabufa. Kwa asili yake neno hili ni jina la spika moja tu, ile itoayo sauti nzito. Hatuna ugomvi na utohozi, kwani redio na spika zimekwisha kuwa maneno yetu. Tunalolalamikia ni kuwa kitu kizima kimepewa jina la sehemu, nayo sehemu yenyewe imebaki bila jina.

Mtambo huo hufanya kazi tatu. Katika mfumo wa Dolby Digital, ulioingia katika majumba ya sinema mwaka 1992, njia sita za sauti hubanwa katika mkondo mmoja wa tarakimu: tatu za mbele, mbili za kando, na moja ya sauti nzito isiyozidi mitetemo 120 kwa sekunde. Kazi ya kwanza ni kuufumbua mkondo huo na kuzitenga njia zake. Ya pili ni kuzigeuza tarakimu ziwe umeme upandao na kushuka. Ya tatu ni kuupa umeme huo dhaifu nguvu ya kuendesha spika.

Kwa kazi ya kwanza tulikuwa na neno zuri, king'amuzi. Lakini tangu mitambo ya televisheni ya analojia ilipozimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba, 2012, umma umelikabidhi neno hilo kwa kisanduku kizima cha kupokelea matangazo, wala hatudhani kuwa laweza kunyang'anywa sasa. Basi sehemu hii ya ndani na iitwe kifumbuzi, na ile ya pili kigeuzi.

Kasoro kubwa zaidi imo katika kipaza sauti. Neno hili hutajwa kwa kile anachosemea mhutubu, na pia kwa kile kinachotoa sauti ukutani, ingawa kimoja hugeuza sauti kuwa umeme na kingine umeme kuwa sauti. Ajabu ni kwamba hakuna hata kimoja kati yake kinachopaza! Kinachopaza ni cha tatu, kilicho katikati.

Fundi wa Ikoma, ambaye nyumbani husema Kiikoma, akielekezwa kwa Kiswahili aunganishe kipaza na sabufa, afanye nini? Sabufa nyingi zina kikuza ndani yake. Akichukua nyaya za spika kutoka mtambo mwingine akazichomeka katika tundu la kuingizia sauti, umeme wenye nguvu huingia palipotengenezewa umeme dhaifu, na kifaa kilichonunuliwa kwa bei ya ng'ombe chaweza kuungua.

Kwa maoni yetu, katika maandishi ya ufundi yatumike maikrofoni, kikuza sauti na spika, na kipaza sauti kiachiwe mazungumzo. Sabufa nayo tuwaachie watu kwa mtambo mzima, ile sehemu yake iitwe spika ya besi, kama mafundi wengine wasemavyo tayari.