Kipa Aliyetoka Golini

Kona aliyoipiga Marcos Coll wa Colombia tarehe 3 Juni 1962, mjini Arica, Chile, haikuwa ya kumtisha mtu. Mpira ulikuja chini chini, ukadunda karibu na mlingoti aliokuwa akiulinda beki Givi Chokheli. Beki akauacha, akidhani kipa anao. Kipa naye alikuwa amemwachia beki. Mpira ukapita, ukalala nyavuni. Hadi leo hilo ndilo bao pekee la kona ya moja kwa moja katika fainali za Kombe la Dunia la wanaume, na aliyefungwa hakuwa kipa wa kuokoteza. Alikuwa Lev Yashin wa Umoja wa Kisovyeti, ambaye wengi wetu tunamhesabu kuwa kipa bora kupata kutokea.

Nimeanza na bao hilo makusudi. Mshambuliaji akipaisha mara tano akafunga ya sita, hubebwa mabegani; kipa akiokoa tano akapitwa na ya sita, hupigiwa miluzi. Ni kama mpishi wa shughuli, ambaye huulizwa jina lake pilau ikiungua. Ndiyo maana katika viwanja vyetu vya mitaani golini husukumiwa mtoto asiyejua kucheza, au mnene, au yule mwenye mpira ambaye hakuna wa kuthubutu kumfukuza. Yashin aliichukua kazi hiyo ya kusukumiwa watu akaifanya ufundi wenye elimu yake.

Alizaliwa Moscow tarehe 22 Oktoba 1929, wazazi wake wakiwa wafanyakazi wa kiwandani. Vita vilipowafikia aliingia kiwandani naye, angali mtoto, na ujana wake ukaliwa na mashine. Alipofika miaka 18 alielemewa moyo na mwili, akaacha kazi, akaenda jeshini. Huko ndiko alikoonekana akidaka, akachukuliwa na Dynamo Moscow. Lakini lango la Dynamo lilikuwa na mwenyewe: Alexei Khomich, aliyeitwa Simbamarara, kipenzi cha watu. Kijana alikalia benchi miaka.

Na alipopewa nafasi aliiharibu. Katika moja ya mechi zake za mwanzo, ya kirafiki, kipa wa timu ya Stalingrad alipiga mpira mrefu, upepo ukausaidia, Yashin akatoka kuufuata, akavaana na beki wake mwenyewe, na mpira ukajiendea golini. Kufungwa na kipa mwenzako! Alirudishwa kwenye kikosi cha akiba, akawa anadaka pia kwenye mpira wa magongo wa barafuni, na mwaka 1953 alitwaa Kombe la Sovyeti la mchezo huo. Palikaribia sana wapenzi wa soka wasimjue kabisa.

Tazama makosa hayo mawili, la ujanani na la Arica. La kwanza lilitokana na kutoka golini. La pili lilitokana na watu wawili kutosikilizana. Kipa mwingine angejifunza kutulia mstarini na kungoja mpira umfuate, kama walivyofanya makipa wengi wa zama zile. Yashin alijifunza kinyume chake, kwamba kutoka si kosa, ila ukitoka ujue kwa nini unatoka na kila beki ajue kwamba umetoka. Kwangu mimi hapo ndipo ulipo ufundi wake wote, kuliko katika zile picha za kuruka angani ambazo magazeti yalizipenda.

Goli lina upana wa mita 7.32 na kimo cha mita 2.44. Kipa akiganda chini ya mtambaa panya, mshambuliaji analiona goli zima na anachagua kona ya kuweka. Kipa akisogea hatua tatu au nne kumkabili, goli linasinyaa mbele ya macho ya mpigaji. Gharama yake ni kwamba nyuma ya kipa pamebaki wazi, na mwenye akili atamnyanyulia mpira juu ya kichwa. Kwa hiyo lazima kipa aanze safari kabla pasi haijapigwa. Miguu imwambie mshambuliaji kwamba njia imefungwa naye hata hajageuka. Yashin aliifanya kumi na nane yote kuwa nyumba yake, na mara nyingine alitoka hata nje ya kumi na nane kuondosha mpira kwa mguu au kwa kichwa. Krosi asizoweza kuzidaka kwa usalama alizipiga ngumi zikaenda mbali. Wapenda madoido hawaithamini ngumi, lakini mpira wa ngozi wa wakati ule ulikuwa mzito ukilowa, na washambuliaji waliruhusiwa kumkumba kipa kwa bega. Akishaudaka hakukaa nao. Aliutupa kwa mkono, haraka, kwa mchezaji aliye huru, na shambulizi likaanzia kwake. Juu ya yote, alipiga kelele. Aliwapanga mabeki dakika zote 90.

Mataji nitayapita haraka. Dhahabu ya Olimpiki ya Melbourne mwaka 1956. Ubingwa wa kwanza wa Ulaya, Paris 1960, kwa kuifunga Yugoslavia 2-1 katika muda wa nyongeza. Ligi ya Sovyeti mara tano, zote na Dynamo, klabu pekee ya maisha yake. Aliichezea nchi yake mechi 74. Wapo wanaosema aliokoa penalti zaidi ya 150. Hesabu hiyo siiegemei, wala sifa zake haziihitaji.

Turudi 1962, maana huko ndiko alikopimwa. Mechi ya Colombia iliisha 4-4 baada ya Wasovyeti kuongoza 4-1. Kisha robo fainali wakatolewa na wenyeji Chile, 2-1, kwa mabao ya Leonel Sánchez na Eladio Rojas, yote ya mbali. Nyumbani watu hawakuziona mechi hizo. Walizisoma gazetini, na gazeti likawaambia kipa ndiye mwenye kosa. Bingwa wa Ulaya wa juzi akazomewa katika viwanja vya Moscow. Alikuwa na miaka 32, akafikiria kuachana na mpira, akaenda zake kuvua samaki.

Aliporudi ulikuwa mwaka 1963. Katika mechi 27 za ligi alifungwa mabao 6. Mwezi Oktoba alisimama Wembley katika kikosi cha nyota wa dunia dhidi ya Uingereza, chama cha soka cha huko kikiadhimisha miaka 100, akadaka kipindi cha kwanza bila kufungwa. Mwezi uliofuata, mjini Roma, alimdakia penalti Sandro Mazzola. Mwisho wa mwaka waandishi wa Ulaya wakampa Ballon d'Or, tuzo ya mchezaji bora.

Mwaka 1966 aliifikisha nchi yake nusu fainali, na katika mechi ya kuwania nafasi ya tatu alifungwa penalti na Eusébio, mzaliwa wa Msumbiji, ambaye baada ya kufunga alimwendea kumpa pole. Aliagwa rasmi mwaka 1971 mbele ya watu wapatao laki moja. Baadaye alikatwa mguu, akafariki Machi 1990.

Tangu mwaka ule wa 1963 hakuna kipa mwingine aliyepewa Ballon d'Or. Dino Zoff alishika nafasi ya pili mwaka 1973, Gianluigi Buffon ya pili mwaka 2006, Manuel Neuer ya tatu mwaka 2014. Mwaka 2019 waandaaji walianzisha tuzo ya makipa peke yao, wakaiita kwa jina la Yashin. Wengi waliiona kuwa heshima. Mimi naiona kama kuwatengea makipa chumba chao huko uani ili sebuleni wabaki wafungaji, na yule ambaye chumba hicho kimepewa jina lake ndiye kipa pekee aliyewahi kukaa sebuleni.