Haki ya Afya: Ahadi Isiyofika Mahakamani

Mara nyingi tunawasikia makada wakiwaeleza wananchi kwamba Katiba ya 1977 inamhakikishia kila mtu matibabu. Kauli hiyo ina nia njema, lakini si sahihi. Anayefundisha siasa hana budi kuisoma Katiba yenyewe.

Ibara ya 9 inaitaka Serikali ielekeze utajiri wa Taifa katika kuondosha umaskini, ujinga na maradhi. Ibara ya 11 inaitaka iweke utaratibu wa kumsaidia mtu wakati wa uzee, maradhi au ulemavu. Lakini Ibara ya 7 inaziondolea mahakama zote uwezo wa kuyatekeleza masharti hayo. Haki ya kuishi, iliyo katika Ibara ya 14, hudaiwa mahakamani. Dawa ya kumfanya mtu aishi haidaiwi.

Je, jambo hili lamhusu nini mkulima wa Matwebe, katika vilima vya Rungwe? Lamhusu sana. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, matibabu katika hospitali za umma yalikuwa bila malipo. Mwaka 1993, katika kipindi cha masharti ya mashirika ya fedha ya kimataifa, uchangiaji ulianza. Mkulima wa chai na ndizi alipodaiwa fedha kabla ya kutibiwa, hakuwa na kifungu cha kushika. Hata msamaha wa wajawazito na watoto wa chini ya miaka 5 ulikuja kama sera, na sera hubadilishwa kwa waraka.

Wapo wanaosema kwamba nchi maskini haiwezi kubeba haki hiyo, na kwamba hakimu hajengi zahanati. Hoja hii haina nguvu. Katiba ya Afrika Kusini ya 1996 inaitambua haki ya huduma za afya kwa kadiri ya uwezo wa dola. Mwaka 1997 Mahakama ya Katiba ya huko ilimkatalia mgonjwa wa figo, kwa kuwa mashine hazikutosha. Mwaka 2002 mahakama hiyo hiyo iliiamuru serikali iache kuizuia dawa inayowakinga watoto wachanga na virusi vya UKIMWI. Kwa hiyo mahakama haikudai yasiyowezekana, ilikataza uzembe. Uganda nayo, ambayo Katiba yake haina kifungu cha wazi cha haki ya afya, mwaka 2020 Mahakama yake ya Katiba iliamua kwamba kuwanyima wajawazito huduma za msingi ni kuvunja haki zao.

Hata hivyo, tusiabudu karatasi. Kenya iliandika haki ya afya katika Ibara ya 43 ya Katiba ya 2010, lakini mgomo wa madaktari ulioanza Desemba 2016 uliendelea siku 100. Kifungu hakimtibu mgonjwa. Humpa mwananchi silaha ya kudai.

Nchini mwetu, Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 ni hatua mbele. Lakini sheria ya kawaida hurekebishwa kwa kura za kawaida za Bunge, na bima huanza kwa kuuliza nani amelipa. Haki huanza kwa kuuliza nani anaumwa. Kazi yetu ni kulifikisha swali hilo la pili katika kila mjadala wa Katiba, na kwanza kabisa kuacha kuwaambia wananchi kwamba limekwisha kujibiwa.